Kifuniko cha Pipa

Niseme mapema, mimi sina subira. Siku mama yangu aliponiambia amepata nafasi kwenye chuo kile kile ninachosoma mimi, nilimwambia wazi kwamba ananitia aibu. Ana miaka hamsini na mmoja, fundi cherehani, mguu wake wa kulia umezoea pedali mpaka hata akikaa kula unacheza chini ya meza. Alinisikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akaniuliza kama darasani wanaruhusu kuingia na chupa ya chai.

Si kwamba sikujua kilichokuwa kinamsukuma. Mama alitolewa shule akiwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na pipa la maji uani, pipa la bati lililokatwa nusu, na kifuniko chake cha bati. Siku moja mdogo wao wa mwisho, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikutwa amezama humo. Kifuniko kilikuwa chini, kigoda kilikuwa kimesimama ubavuni mwa pipa. Aliyechota maji mara ya mwisho alikuwa mama yangu. Aliapa kwamba alifunika, akaapa tena, babu akamchapa mpaka akaacha kuapa. Mazishi yalipokwisha, bibi akasema aliyeshindwa kufunika pipa hana haja ya shule.

Tangu hapo bibi hakumwita tena mwanangu, na hakutia mdomoni kitu chochote kilichopikwa na mkono wake. Miaka arobaini! Mama akipeleka chakula, bibi ameshiba. Akimshonea gauni, linavaliwa na jirani. Na mama hasusi. Kila mwezi anakwenda, anasalimia, anajibiwa nusu nusu, anarudi. Alikuwa na shida moja tu duniani, mama yake aseme, hata mara moja, kwamba si yeye. Mimi damu ilikuwa inanichemka kila nikifikiria. Yeye alikuwa ananiambia nipunguze mdomo.

Basi akaja chuoni. Alikuwa amejisomea jioni, huku anashona sare za watoto wa watu, akafaulu mitihani ya sekondari akiwa na miaka arobaini na minane. Kulikuwa na somo moja ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili tulikaa pamoja, Tanzia za Kigiriki na Hadithi za Kisasa. Niliomba asikae karibu na mimi. Akaja akakaa karibu na mimi, na chupa yake.

Mhadhiri wetu tulimwita Wino. Kila maandishi aliyotugawia alikuwa ameyapaka wino mweusi mahali pa jina la mwandishi. Alisema sisi hatusomi maneno, tunasoma majina, tukiona jina kubwa tunasifu na tukiona jina dogo tunapiga miayo. Kwa hiyo tulisoma bila kujua ni nani, na jina alilitaja dakika ya mwisho, tukiwa tumeshasimama na mabegi.

Muhula ulianza na Wagiriki. Nikiri kwamba tanzia zao zilinichosha, wafalme na vilio, na lile kundi la wazee linalosimama pembeni, linaimba, linasikitika, na halinyanyui hata kidole. Wino akauliza lile kundi lina kazi gani. Wanafunzi wakajitutumua kujibu kitaalamu. Mama akasema hao ni majirani. Darasa zima liliangua kicheko, Wino mwenyewe akashika mbavu, na toka siku hiyo kila mtu alitaka kukaa upande wa mama. Mimi nikawa natambulishwa kama binti yake.

Siku nyingine Wino alieleza jinsi tanzia nyingi zinavyokwenda. Kuna balaa, mtu anataka kujua limesababishwa na nani, anauliza huyu, anauliza yule. Wanaojua wanamsihi aache. Yeye haachi, na alichokifukua kinamwangukia mwenyewe. Akatuuliza kama ingekuwa sisi tungeacha. Wote tukasema tungeacha, mimi wa kwanza, maana nilikuwa na njaa. Mama akanyoosha mkono.

"Mnasema hivyo kwa sababu hamjawahi kusingiziwa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Wino akaandika kitu kwenye daftari lake, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Tukaingia hadithi za kisasa. Wiki ya tatu Wino aligawa hadithi fupi ya kurasa sita, imetolewa nakala kutoka kwenye jarida, jina limepakwa wino kama kawaida. Akamwomba mama asome kwa sauti, kwa sababu mama ana sauti nzuri ya kusomea, hana haraka. Mama akavaa miwani akaanza. Ilikuwa hadithi ya mtoto wa kiume wa miaka minane anayependa magari. Hana gari la kuchezea, kwa hiyo anachukua kifuniko cha bati kinakuwa usukani, na kigoda kinakuwa kiti cha dereva.

Mpaka hapo sikushtuka. Nilikuwa nachora maua pembeni mwa karatasi. Mama akaendelea kusoma kwamba kigoda kilikuwa cha buluu, mguu mmoja mfupi, umetiwa kipande cha kandambili chini usiyumbe. Sauti yake ikapungua. Akasoma kwamba mtoto aliendesha akiwa amekaa, kisha akaamua safari ni ndefu, akanyanyuka na usukani wake, akaliacha pipa wazi na kiti kimeegeshwa ubavuni mwake, akazunguka nyumba mara tatu akipiga honi kwa mdomo.

Hapo mama akaishusha karatasi mezani.

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umekauka. Nami kigoda kile nakijua. Kipo hadi leo kwa bibi, kimebanduka rangi, na kile kipande cha kandambili kipo. Nimekikalia mimi mwenyewe.

Wino alidhani miwani inamsumbua, akampa kijana wa mbele amalizie. Kijana akasoma haraka haraka, jinsi dereva alivyorudi kutoka safari na kukuta miguu miwili midogo juu ya maji. Jinsi alivyokiweka kifuniko chini akakimbilia kwa majirani. Jinsi dada yake alivyopigwa mbele ya macho yake, naye akawa kila siku anajiambia kwamba kesho atasema. Darasa likaanza kujadili. Mmoja akasema mwisho wake dhaifu. Mwingine akasema yule dada hana uhai, ni mhusika bapa. Mhusika bapa, na amekaa pembeni yako anashindwa kufunga chupa ya chai! Nilitamani kumrushia kiatu.

Muda ulipokwisha, tukiwa tumesimama, Wino akataja jina. Lilikuwa jina la mjomba wangu, majina yake yote matatu.

Mjomba, mdogo wake mama, karani wa ofisi ya maji, mtu mpole ambaye hajawahi hata kugombana na mbwa. Anaishi na bibi, ndiye mboni ya jicho lake. Hatukuwa na habari kwamba anaandika. Alikuwa ameuambia ulimwengu mzima isipokuwa dada yake, na dada yake ameyasikia pamoja na wanafunzi sitini, akiwa amevaa miwani ya dukani.

Nje ya darasa nilitoa simu nimpigie mjomba nimpe zake. Mama akaushika mkono wangu pamoja na simu yenyewe. Alisema ya mjomba yatasubiri, alikuwa mtoto. Akasema Jumamosi tunakwenda kwa bibi, na anataka kumsomea yeye kwanza.

Siku zile tatu sikumwelewa mama. Nilitegemea atalia. Badala yake alikuwa mwepesi, anashona huku anaongea peke yake, na mara mbili nilimkuta ameisimamisha cherehani, ameshika kifua. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ataamka. Usiku wa Ijumaa aliniuliza nadhani bibi atafanyaje akisikia, ataanguka? Umri ule, moyo ule? Nikamwambia akianguka tutamdaka, ila lazima asikie. Kwa kweli ndivyo nilivyoamini.

Tulifika asubuhi. Mjomba alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Bibi alikuwa kibarazani, amekaa mkekani na sinia la mchele mapajani, anatoa mawe kwa vidole, maana macho yake siku hizi hayasomi lakini vidole vyake havikosei. Mama akapiga goti akamwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba ya mbali. Akasema kuna hadithi ya chuoni anataka kumsomea. Bibi akasema asome.

Mama akasoma yote. Safari hii sauti haikukwama. Mimi nilikuwa namtazama bibi, nimejiandaa kabisa kumdaka. Usukani, kigoda cha buluu, kuzunguka nyumba mara tatu, honi. Vidole vya bibi viliendelea na mchele. Miguu juu ya maji. Vidole viliendelea. Nikafikiri labda hasikii vizuri, au hajaelewa ni nani anayesimuliwa. Dada anapigwa. Akatoa jiwe, akalitupa uani.

Mama alipomaliza akakunja karatasi, akangoja. Alikuwa anamtazama mama yake usoni kwa namna ambayo ilibidi niangalie pembeni.

"Kadanganya pale," bibi akasema. "Hakukiweka chini. Aliniletea jikoni, kakishika kwa mikono miwili. Mtoto nilimtoa mimi, alikuwa ameshakwenda. Nikamtuma yeye kwa majirani. Kifuniko nilikiweka chini mimi mwenyewe, kisha ndipo nikapiga kelele."

Nawaambia, nilihisi kibaraza kimehama. Maana yake alijua. Hakujua mwaka jana wala wiki iliyopita, alijua kabla majirani hawajafika. Alimwona mtoto wake amekufa, akamwona mwanawe wa kiume amesimama na bati, na katika dakika ile ile akachagua ni nani atakayebeba.

Mama hakusogea. Aliuliza kwa sauti ndogo sana kwa nini.

Bibi alieleza bila kupandisha sauti. Alisema babu angemuua yule mvulana, tena si kwa kusema, kwa mikono. Tayari siku ile alikuwa amepoteza mmoja. Mvulana alikuwa laini, homa ndogo inamlaza wiki nzima. Mama alikuwa mgumu tangu kuzaliwa, akipigwa analia kidogo kisha anakwenda kuosha vyombo. Alijua ataweza. Akasema hivyo kana kwamba anamsifu.

"Na chakula changu?" mama akauliza. "Miaka yote hii hukula chakula changu. Kama ulijua si mimi."

Hapo ndipo vidole vya bibi vilisimama.

"Ningekulaje?" akasema. "Mtu niliyemfanyia vile, halafu ananipa sahani."

Nilimsubiri mama apige kelele. Nilitaka apige kelele, avunje kitu, alimwage lile sinia. Mwenzenu nilikuwa nimeuma meno mpaka taya zinauma. Lakini yeye aliivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akairudisha.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," akasema.

"Najua," bibi akajibu. "Si nilikuzaa mimi, mwanangu?"

Alilisema. Neno lenyewe, baada ya miaka arobaini, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba apewe maji. Mama alilisikia, nililiona linamfikia usoni. Akanyanyuka, akavaa viatu vyake, akafunga na kamba kwa uangalifu, akanishika mkono kama nilivyokuwa nikishikwa nilipokuwa mdogo, tukatoka bila kuaga. Mjomba tulipishana naye getini na kichwa chake kipya, akatabasamu, mama akampita.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Kila mwezi, siku yake ya kwenda ikifika, mama hukaa kwenye cherehani akashona mpaka siku iishe. Bibi anaulizia kwa mjomba, anauliza mwanangu haji? Mama haji.