Taulo ya Mama Bukwe

Cheka tu, mimi mwenyewe nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mama bukwe, yaani mama wa bwana wangu, alifika toka Lukafu na gunia la muhogo uliolowekwa na kukaushwa, wenye ile harufu tunayoijua wote. Nikampa maji ya kuoga na taulo yangu ya wageni, ile niliyoifungia kabatini siku za mvua kabla haijakauka.

Alipotoka kuoga, uvundo ukajaa sebuleni. Gunia hilo! Nikalisukuma barazani. Uvundo bado. Nikaliburuta mpaka nyuma ya choo, nikafungua madirisha yote, nikajisifu mbele ya majirani waliokuja kumsalimia: "Mama, muhogo ya kwenu iko na nguvu!"

Mama bukwe, taulo mabegani, akanitazama kwa upole.

"Mutoto wangu, muhogo iko kule inje. Sasa humu ndani, muhogo ni miye?"

Akaivua ile taulo, akanivika shingoni.

"Kesho uitie mu maji ya moto na vinegre, uanike ku jua mpaka ikauke kabisa. Leo, vala weye. Miye naenda kukaa na muhogo yangu."

Majirani wakabeba viti, wakamfuata.