Kitambaa cha Juu ya Mlango

Mama yangu alidarizi waridi kwa miaka mingi kabla hajaliona. Memsabu wa Kizungu wa shamba moja la kahawa kule chini upande wa Usa alimpa ua lililochorwa kwenye karatasi, akamchagulia rangi za nyuzi, akamkabidhi marikani nyeupe. Mama akapanda nayo mlimani kwetu Meru akashona: foronya za mito ya kochi, taraza za kupamba kingo za mapazia, pindo za shuka, vitambaa vya kufunikia trei ya chai. Wageni wa memsabu walipousifu mkono ule, memsabu alisema ni kazi yake mwenyewe. Mama alimsikia, maana alikuwa amesimama pale pale mlangoni na furushi lake kichwani. Alirudi nyumbani akatusimulia huku akicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Huo ulikuwa wakati wa Mwingereza, baada ya vita ya pili, na nchi ilikuwa imejaa mabwana. Pale boma Arusha kulikuwa na Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Kulikuwa na Bwana Shamba, aliyekuja kutufundisha kupogoa kahawa ambayo bibi zetu waliipogoa kabla yeye hajazaliwa. Kulikuwa na Bwana Mifugo. Jumapili kanisani kulikuwa na Bwana mwenyewe, wa mbinguni. Halafu mwanamke akirudi nyumbani anamkuta bwana mwingine amekaa, anangoja chakula. Kiswahili kimewaweka wote hao katika neno moja bila hata kuona haya. Sisi nyumbani tulisema Kimeru, na kwa Kimeru Mungu ana jina lake, mume ana lake, mzungu ana lake. Mama Kiswahili alikipata kanisani na kwa memsabu tu, kikamtosha kusali na kupokea kazi.

Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililotutoa katika nyumba yetu.

Nyumba yenyewe aliitaka mama. Baba alikuwa mtu mpole, mwenye kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba yake, na hakuona ubaya wa paa la nyasi. Mama aliuona. Alitaka nyumba ya pembe nne, yenye mabati na madirisha ya kuwekea mapazia, maana alikuwa amechoka kushona mapazia ya madirisha ya watu. Basi kila alicholipwa kwa sindano kilikwenda kwenye bati, au mbao, au misumari. Baba alichimba msingi na kukandika kuta, na nyumba iliposimama aliwaambia majirani, "Mimi hapa ni mpangaji. Mwenye nyumba yuko jikoni." Watu walicheka. Baba mdogo, ndugu yake wa pekee, aliyekuwa anaongoza kwaya kanisani, alicheka kuliko wote.

Nyumba ilipokwisha, mama aliivisha. Sijui neno lingine. Kila kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni na vingine viwili mikononi, vyote vimetiwa wanga na kupigwa pasi ya mkaa hadi vikasimama vyenyewe. Meza ilikuwa na chake, chenye lesi pande nne. Rafu ya vyombo ilikuwa na utepe wa kudarizi uliopigiliwa ukingoni, ndege wakifuatana. Sisi watoto watatu, wasichana watupu, tulikatazwa kuegemea. Tulikaa kwenye viti vyetu wenyewe tumenyooka migongo, kana kwamba tumeitwa barazani. Baba mdogo ndiye aliyeegemea, tena na kichwa kimepakwa mafuta, na kila alipoondoka mama alikitoa kitambaa akakifua.

Siku za Alhamisi kulikuwa na darasa la ushonaji la akina mama pale misheni. Lilifundishwa na mmisionari mmoja wa kike ambaye sote tulimwita Bibi, ingawa hakuwa mzee. Bibi alikuwa na karatasi zenye maneno ya kunakili. Unaweka karatasi ya bluu juu ya kitambaa, na ile ya maneno juu yake, unafuatisha kwa penseli, kisha unashona juu ya alama. Mama alimwomba maneno ya kuweka juu ya mlango wa chumba cha ndani, mahali ambapo mgeni akiingia tu anayaona. Alitaka yaseme kwamba nyumba ile wameijenga mke na mume. Bibi akamwambia, kwa upole wake ule wa kukata, kwamba Mkristo hajisifu kwa mabati. "Nyumba si yetu, mama. Sisi tunaazimwa tu." Akampa karatasi nyingine. Yeye Bibi, nakumbuka, aliishi katika nyumba ya mawe yenye vyumba sita, na sikusikia kwamba aliwahi kuirudisha.

Mama alikidarizi kitambaa kile msimu mzima wa mvua. Herufi zilikuwa nyekundu, za mshono wa mnyororo, zote kubwa, kwa sababu herufi kubwa zimenyooka na mwanafunzi hazimshindi: NYUMBA HII NI YA BWANA. Ukingoni hakuweka waridi. Aliweka maua ya kahawa, na kwa kuwa maua ya kahawa ni meupe na kitambaa ni cheupe, aliyazungushia uzi wa kijani ili yaonekane. Hayo hakuna aliyemchorea. Baba alikipigilia ukutani kwa mkono wake, akarudi nyuma kukitazama, akasema kimenyooka.

Baba alikufa kwa kichomi, masika. Alikohoa, akalala, na kabla hatujaelewa kwamba anaumwa sana tulikuwa tunamzika migombani.

Kilio kilipokwisha, baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo. Walikuja wazee pamoja na mshili, mkubwa wa ukoo wetu, na mchungaji wetu alialikwa kufungua kwa sala. Walikaa kwenye viti vya mama, juu ya vitambaa vya mama. Mimi na wadogo zangu tulisimama karibu na mlango wa nyuma, na mimi, niliyekuwa nasoma darasa la tatu, nilielewa vizuri kinachotafutwa. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Baba mdogo alikitaka kihamba, na alitaka kuhamia na mke wake katika nyumba ya mabati.

Mama hakuwa mjinga. Alijua ardhi ni ya ukoo, na hakuiomba. Aliomba nyumba tu. Alisema, kwa Kimeru kizuri, kwamba kila bati lililo juu ya vichwa vyao limetoka kwenye vidole vyake. Alisema wamwache aishi humo na watoto, na kama hawataki, basi wamruhusu aling'oe paa, achukue mbao na mabati aende nayo, kuta awaachie. Alisema bila kulia. Mzee mmoja akakumbusha kwamba marehemu mwenyewe alikuwa akijiita mpangaji. Mshili akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona, na moyo wangu ulitulia kidogo.

Hapo baba mdogo akasimama, akaacha Kimeru na kuingia Kiswahili. Kikao chote tangu asubuhi kilikuwa kwa Kimeru. Alihama lugha kwa makusudi, kwa sababu kwa Kimeru asingepata la kusema.

"Wazee wangu, tusichoshane. Shemeji ameandika mwenyewe, kwa mkono wake." Akanyoosha kidole juu ya mlango, akasoma polepole kama anafundisha kwaya. "Nyumba hii. Ni ya. Bwana. Sasa bwana wa mama huyu alikuwa nani? Si kaka yangu? Na kaka yangu ameondoka. Anayeshika nafasi yake ni nani?"

Mama akaruka. "Hapana! Hiyo ni Bwana Yesu! Si bwana ya mimi, ni Bwana Yesu!"

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Walicheka Kiswahili chake, na mtu akishachekwa kikaoni hata ukweli wake unapungua uzito. Nilitaka kupasuka. Tulifundishwa shuleni kwamba Bwana wa mbinguni anaanza kwa herufi kubwa na bwana wa nyumbani kwa herufi ndogo, na nilikitazama kitambaa kile nikitafuta herufi ya kumwokoa mama yangu. Zote zilikuwa kubwa. Hata NI ilikuwa kubwa.

Mshili akamgeukia mchungaji. "Wewe ndiye msomi, na wewe ndiye mwenye Kitabu. Tuambie, hapo ni Bwana yupi?"

Mchungaji alijua. Alikuwepo misheni karatasi zile zilipoletwa, na alikisifu kitambaa mara kadhaa akiwa anakunywa chai yetu. Baba mdogo naye alijua, maana kila Jumapili alimwimbia Bwana huyo huyo kwa sauti ya kutikisa madirisha. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wazee," akasema, "vyote tulivyo navyo ni vya Bwana."

"Amina," akasema baba mdogo, upesi sana.

"Amina," wakasema wazee.

Mshili akamwambia mama, sasa kwa Kimeru, tena bila ukali, "Mama watoto, kama ni bwana mume, nyumba ni ya ukoo. Kama ni Bwana Mungu, wewe unamdaije Mungu nyumba yake?" Nimeishi na swali lile miaka mingi na sijalipatia jibu ambalo wazee wale wangelikubali. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na hasira yake bado ninayo.

Mama alijaribu kwa Bwana Shauri. Alishuka kwa miguu hadi boma, akangoja kwenye ukumbi, na karani akamwambia mambo ya mila yanapelekwa kwenye baraza la wenyeji. Katika baraza hilo alikaa mshili yule yule. Mama akamshukuru karani, akapanda tena mlima.

Baba mdogo alisema tunaweza kubaki, tulale jikoni, mama amsaidie mke wake kazi. Mama akakataa. Basi baba mdogo akamruhusu achukue vyungu na nguo zetu. Vitambaa alivizuia. "Vitambaa ni vya nyumba," alisema, na mke wake akasimama mbele ya viti amenyoosha mikono, kana kwamba tungevinyakua tukakimbia. Mama aliondoka na sindano zake, mkasi, na lile duara la mbao la kukazia kitambaa. Sikugeuka kuangalia nyuma. Watu husema waligeuka, mimi sikugeuka, nilikuwa nimebeba mdogo wangu mgongoni na njia ilikuwa na matope.

Tulipanga chumba Kaloleni, mjini Arusha. Mama alishonea duka la Mhindi mmoja: maua, tausi, vikapu vya matunda. Maneno hakushona tena. Mhindi alimletea karatasi za "Karibu Mgeni" na "Lala Salama", zilizokuwa zinatoka sana, na mama alimrudishia zikiwa zimekunjwa vile vile. Kuta za chumba chetu zilikuwa tupu, na siku moja nilipomuuliza kwa nini asituwekee walau pazia lenye taraza, alisema chumba ni cha watu, akaendelea kushona. Ila Kaloleni kulimnoa Kiswahili. Alikaa na Wapare, Wachaga, Wanyamwezi, akagombana nao kisimani kila siku, na baada ya muda hapakuwa na aliyeweza kumcheka.

Miaka ilipita, nikawa mwanamwali, ndipo mchungaji akatutembelea. Tulimwamkia shikamoo, mama akampa kiti na chai. Kanisa jipya lilikuwa linakamilika kule mlimani, alisema, na hakuna mwingine mwenye mkono kama wa mama. Alikuwa amekuja na kitambaa cheupe, kizito, cha madhabahu. Kilihitaji kudariziwa ukingo mzima na kuwekwa shada za uzi wa dhahabu. Alikiweka mezani taratibu.

Mama hakukigusa. Alimuuliza kwa Kiswahili, kilichonyooka, "Mchungaji, siku ile kwenye kikao ulimaanisha Bwana yupi?"

Mchungaji aliweka kikombe chini. Alikuwa amezeeka. "Mama, nilikuwa natafuta amani."

"Ukaipata?"

Nilidhani atainamisha kichwa. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo nimwone mtu mmoja, hata mmoja tu, akiinamisha kichwa mbele ya mama yangu. Lakini yeye alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa habari za shamba lake. Ukoo haukugawanyika, alisema. Baba mdogo sasa ni mzee wa kanisa, na mbao za jengo jipya nyingi amezitoa yeye.

"Ndiyo, mama," akasema. "Niliipata."

Hakuwa anatukejeli. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kikao chenyewe, kwamba alikuwa anasema kweli. Nilitaka mama amfukuze. Nilikuwa tayari kumfungulia mlango mimi mwenyewe, na ningemtupia na kitambaa chake. Mama alisukuma kikombe pembeni, akafuta meza kwa kiganja, akakivuta kitambaa karibu na kuanza kukikunjua.

"Madhabahu yenu," akauliza, "ina urefu gani?"