Sauti Ile Ng'ombe Ilikuwa Inangoja

Mama mkwe alipovunjika nyonga, alitoka hospitali ya Kajiado akapelekwa kwa binti yake Kitengela. Mimi nikabaki na boma huku nje ya Isinya, pamoja na ng'ombe yake nyekundu. Ndama yake ilikuwa imekufa, na tangu hapo ilikuwa inaachilia maziwa kwa mtu mmoja tu: mama mkwe, akiongea nayo. Siku ya pili kiwele kilikuwa kimevimba, kigumu kama jiwe.

Shemeji, ndugu ya mume wangu, akasema, "Tukingoja itaharibika. Jumanne naipeleka soko."

Nikampigia simu yeyo. Ndivyo namwita mama mkwe, kwa Kimaasai. Hakulia. Alisema tu, "Hiyo ni ng'ombe yangu. Nikirudi nataka kuiona."

Nikamwambia ataiona. Ilikuwa Ijumaa.

Kwanza nilimuomba aongee kwa simu, nikaishikilia karibu na sikio la ng'ombe. Ng'ombe ikaruka, simu ikaanguka kwa mavi. Nikaona hakuna njia ingine, hiyo sauti lazima itoke kwangu.

Mimi niko kwaya ya kanisa, sauti ya kwanza. Nilizoea kusikia yeyo akinguruma kule kwa boma akikamua, nikadhani ni wimbo. Basi Jumamosi asubuhi nikaimba kwa utamu wote Mungu alinipa. Ng'ombe ikaniangalia, ikapiga kibuyu teke.

Binti yangu, ambaye humsaidia koko yake, yaani nyanya yake, kukamua, alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Mum, koko haimbi."

"Anafanya nini sasa?"

"Anakusema."

"Ati?"

"Anakusema wewe. Ati chai yako ni maji. Ati unaomba mpaka mbuzi zinachelewa kutoka. Kila siku, mum."

 Miaka kumi na nane niko kwa hiyo boma. Nilitoka Kiambu nikajifunza Kimaasai kwa ajili ya huyo mama. Kwa muda kidogo niliona heri ng'ombe iende soko. Niliomba, na sikuomba vizuri. Lakini nilikuwa nimesema ataiona.

Nikachukua daftari yangu ya masomo ya jioni ya watu wazima. Binti akanitajia maneno ya koko moja moja, nikaandika. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba mkato ni mahali pa kupumua, kwa hivyo kila mahali yeyo hupumua niliweka mkato. Anapumua sana huyo mama.

Maneno yalikuwa rahisi. Sauti ndiyo ilinitoa jasho. Yeyo hana meno mawili ya chini ya mbele. Yalitolewa akiwa msichana, vile Wamaasai walikuwa wanafanya, na hewa yake inapitia hapo. Yangu yote yapo. Nikajifunza kufunika meno na mdomo wa chini. Jumapili baada ya kanisa nilishinda jikoni nikirudia, binti akinirekebisha.

"Hapana, hiyo ni pasta. Hapo umekuwa mwalimu. Hapo umekasirika."

"Si yeye amekasirika?"

"Koko hakasiriki. Anaongea tu, kama mtu anachambua mboga."

Hapo ndipo nilikuwa nakosea. Nilikuwa nikitoa maneno yake na hasira yangu. Jumatatu yote nilijisema bila hasira, nikifua, nikifagia, mpaka chai yangu ya maji ikawa habari ya mtu mwingine.

Jumanne asubuhi na mapema nilikaa chini ya ng'ombe, nikafunika meno, nikaanza. Huyu mke wa kijana yangu. Ng'ombe ikageuza sikio. Chai yake, maji tupu. Ikashusha pumzi, na maziwa yakaja, ya kwanza mazito, halafu yakateremka.

Nje ya ua nikasikia shemeji akisalimia kwa Kimaasai. "Takwenya, yeyo! Umerudi lini?"

"Iko," nikaitikia salamu, kwa sauti ya yeyo, kwa sababu ningeiacha hiyo sauti, maziwa yangekatika.

Akaingia na kamba mkononi, kofia ameshatoa kwa heshima. Aliniangalia, akaangalia kibuyu. "Wewe mama," akasema, "nusura nikuinamie kichwa kama mama yangu." Akakunja kamba akaenda zake.

Nikampigia yeyo. "Imetoa."

"Ulisema nini?"

"Ile ya chai. Na ya maombi."

 

"Hizo mbili tu?" akauliza. "Jioni hazitatosha. Kuna ya vile unakunja blanketi."

"Sema, yeyo," nikamwambia, nikifungua daftari. "Sema pole pole."