Chumvi ya Mama

Harufu ya mazutu ya injini iliyochanganyika na samaki wa kukaushwa kwa moshi hunirudisha kwenye likizo ya mwisho kabla sijakatizwa shule. Mama, mfanyabiashara aliyehamia Kisangani kutoka Butembo, alipakia magunia ya chumvi kwenye mashua kubwa ya mbao, tukaenda kuyauza sokoni Yanonge, chini ya mto. Mtaji wetu wote ulikuwa humo, karo yangu pia, nami nilijiona tajiri kwa kukaa juu yake. Safari ile tulipanda na binti aliyekuwa akimrudisha marehemu baba yake kwao kuzikwa. Alikaa kando ya jeneza, mkono juu ya kifuniko, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Mchana tuligonga gogo. Maji yakaanza kupenya, na nahodha akazima injini. Sijakisahau kimya kile: mto mpana usio na upepo, na maji yakipanda polepole hadi vifundoni. "Tupunguze bintu," nahodha alisema, akionyesha mizigo. "Bon, tuanze na sanduku. Mufu hawezi kufa mara mbili." Wenye mihogo waliangalia mihogo yao, wenye mbuzi wakakaza kamba, nami nikaling'ang'ania gunia nikiomba kimoyomoyo jeneza litupwe. Binti hakulia. Alituangalia tu, mmoja baada ya mwingine. Ndipo mama akasimama, akamwambia nahodha: "Mutupe chumvi yangu, papa. Leo kilio iko kwake, kesho iko kwetu."

Magunia yalizama bila kelele. Tulifika, na mzee akazikwa kwao. Nyumbani baba hakugomba. Alisema tu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Septemba wenzangu walipita mlangoni kwetu na mashati meupe, mimi nikikaanga mikate midogo ya mafuta ya kuuza. Niliumia sana. Niliona mama amempenda maiti wa watu kuliko mtoto wake.

Siku hizi abiria wa mto wanavaa maboya, na mimi nina duka la jumla. Nikisimulia kisa hiki, watu husema mama ni mtakatifu. Juzi nilimwuliza kama aliwahi kujuta. "Kila Septemba, mama," alinijibu, maana ndivyo anavyoniita mimi bintiye. "Lakini ule binti alikuwa ananiangalia." Nina watoto watatu shuleni. Ningekuwa mimi kwenye mashua ile, nadhani ningenyamaza.