Pikipiki Iliyojua Kukataa

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, pikipiki ya Baba ilikuwa na tabia ya kukataa watu. Sijafikisha umri wa kusema "enzi zetu", lakini nyinyi ambao tulikimbiza ringi za baiskeli pamoja kule juu ya Emali mtanielewa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, kwa hivyo hakuweza kusema uongo. Tena alikuwa na shemeji wengi, na shemeji hanyimwi kitu. Mambo hayo mawili yakikutana katika boma lenye pikipiki, watu wote watapanda isipokuwa mwenyewe. Bahati nzuri, pikipiki za zamani ziliwaka kwa pointi. Hivyo ni vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndani ya kifuniko cha upande. Ukiweka kipande cha karatasi katikati yake, unaweza kupiga kiki mpaka jioni na usipate moto. Kila Jumamosi asubuhi, muthokoi ya mahindi na maharagwe ikichemka jikoni, Baba alifungua kifuniko, akaweka karatasi, akafunga, akanawa mikono na kukaa kusoma Biblia.

Mjomba Kyalo, kaka ya Mama, ndiye aliyefika wa kwanza kuiomba siku zote. Baba alimjibu maneno yale yale: "Mimi sikukatazi, shemeji. Ikikubali kuwaka, nenda nayo."

Mjomba alipiga kiki mpaka shati likagandamana na mgongo. Sisi watoto tulisukuma kwa nguvu zote, huku tukijua hakuna kitu, kwa sababu kusukuma kulikuwa raha: vumbi jekundu, harufu ya petroli, na watu wazima wakituita wanaume. Mwishowe Mjomba aliketi, akaletewa chai, kisha muthokoi, akasimulia habari za mbuzi wa Ikutha mpaka jua likageuka. Aliondoka ameshiba, akimpa Baba pole kwa sababu ya pikipiki mbovu. Baba aliipokea pole hiyo kwa unyenyekevu.

Karatasi zilitoka katika daftari langu la hesabu. Mwalimu aliuliza mbona pembe za kurasa zinaisha, au kwetu kuna panya. Nikasema wako wengi sana. Hivyo ndivyo Baba alivyokaa miaka yote bila kusema uongo.

Nilipomaliza darasa la nane nilijifunza ufundi katika gereji moja pale Emali. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Nairobi, akamletea Baba kisanduku cha elektroniki, kinachowasha bila pointi, ili pikipiki iache kusumbua. Baba hakuweza kukataa zawadi pia. Nilitoa pointi, nikafunga kisanduku kwa mikono yangu, nikajiona mtu.

Ikawa inawaka kiki ya kwanza, kwa mtu yeyote, kama mbwa asiyemjua mwenyewe. Ilichukuliwa na Mjomba, na mwalimu wa kwaya, na jamaa wa jamaa. Ilirudi bila mafuta, mara moja bila kioo. Baba, na goti lake bovu, akawa anatembelea wagonjwa wa kanisa kwa miguu. Siku moja pikipiki yake mwenyewe ilimpita njiani ikiwa imebeba mbuzi. Aliyeiendesha alipunguza mwendo kwa heshima, akamsalimu, akaendelea.

Jioni hiyo Baba aliniita nje. "Rudisha ile ya zamani," akasema. "Hii haina adabu."

Kule gereji walinicheka wiki nzima. Walisema wenzangu wanaenda Kanaani na mimi narudi Misri. Pointi nilikuwa nimezihifadhi, zimeshika kutu, nikazipiga msasa. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi pamoja na pointi, nilisaka hadi Kitui mjini. Kipimo cha nafasi kati ya pointi sikuwa nacho, nikapanga nyembe nne pamoja nikapimia hizo. Kiki ya tatu ilikohoa, ikawaka. Baba aliizunguka akiisikiliza, akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata kila kitu kilikuwa tayari: karatasi mahali pake, Biblia mapajani, Mama na sufuria kubwa ya chai. Akaja mtoto wa Mjomba Kyalo, kijana wa siku hizi. Alitafuta kitufe cha kuwasha, hakukiona. Alipiga kiki mbili, akaangalia viatu vyake vyeupe.

"Uncle, hii peleka museum," akasema, akatoa simu, akaita boda boda. Ilifika kabla chai haijachemka.

Jumamosi nyingine hakuja mtu; wote walikuwa na namba ya boda boda. Na nyingine.

Sasa Baba anapanda pikipiki yake akitaka, na wagonjwa wanatembelewa. Alichoomba amekipata. Lakini zamani mtu akinyimwa kitu kwetu alikaa nusu siku, akala, akacheka, na tukajua ng'ombe wake wanaendeleaje. Siku hizi kila kitu kinakubali haraka, na kisipokubali mtu anaondoka haraka vilevile. Vijana hawajui hata kusukuma.

Juzi Mama alipika tena chai ya watu wanane, tukainywa watatu. Baba aliangalia lango muda mrefu. Kisha akavaa koti, akapiga kiki, akaniambia anaenda kwa Mjomba Kyalo kumuuliza kama hahitaji pikipiki.