Harufu ya Mwanga

Ptuu! Hata leo nikipita karibu na ukumbi ule, huku nyuma ya soko la Kakamega, natema mate. Na mimi si mtu wa kutema mate barabarani.

Nilienda pale kwa sababu ya sikio. Mwizi wa mkoba alikuwa amenizaba kofi kutoka nyuma, jioni moja nikitoka kazini, na sikio la kushoto likafa papo hapo. Daktari alisema halirudi. Tangu hapo upande huo ulikuwa ukuta. Bodaboda zilinitokea kama mapepo, kuvuka barabara tu nikawa nashika mkono wa mtu nisiyemjua. Kwa hivyo niliposikia kuna mwalimu wa karate anayefundisha watu kumtambua adui bila macho wala masikio, nikasema huyu ndiye wangu.

Mwalimu alidai aliupata mwanga msituni, huko Buyangu, akifunga na kutafakari. Sawa. Lakini mwanga wenyewe, jamani, ulikuwa unanuka! Wanakarate wengine hawafui mkanda, husema ukiufua unaosha jasho la mafunzo yako. Huyu wetu akajumlisha suti nzima. Weupe ulikuwa wa zamani. Kwapani palikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kola ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kadibodi. Akiinua mkono kukuonyesha ngumi, chakula cha mchana kinapanda kooni. Kuna siku nilifika nyumbani nikashindwa hata kugusa obusuma, ugali wetu.

Zoezi lake kuu lilikuwa hili: anakufunga kitambaa machoni, anakuzunguka kimyakimya na fimbo, nawe unyooshe kidole pale alipo.

"Usisikilize!" alikuwa akifoka. "Sikia! Sikia na mwili mzima!"

Na mimi nikasikia. Kila Jumamosi nilimnyooshea kidole, hata akiwa kushoto. Wenzangu wakapiga makofi, mwalimu akatangaza kwamba nimefunguka. Nilimpigia mama simu huku nalia, nikamwambia ule upande umerudi. Mama akaanza kuimba kwa simu.

Kinachonichefua mpaka sasa ni kwamba neno ni moja. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Sikuwa nimejiuliza mimi nasikia nini.

Ikaja siku ya wageni. Mke wa mwalimu hangeweza kuvumilia aibu ile mbele ya watu. Mumewe alipoenda kunyolewa, aliiloweka suti, akaisugua, akaianika juani, akaipiga pasi. Mwalimu alinuna, lakini wageni walishaanza kuingia.

Nikafungwa kitambaa. Nikangoja. Hakuna kitu. Ukumbi mzima ulikuwa umeoga siku hiyo. Nikajikuta nimeinua pua, nanusa kama mbwa mbele ya watu wazima, na hapo ndipo nikajua. Fimbo ikatua begani, kushoto.

"Imani yako imepungua," mwalimu akasema kwa sauti ya mahubiri.

Nikang'oa kitambaa. "Imani gani? Si ni vile leo umevaa suti safi!"

Watu waliangua kicheko. Yeye akawaambia wageni kwamba wengine mwanga huwazimikia. Alisema hivyo bila haya, akitabasamu! Debe tupu kabisa. Lakini nilijichukia mimi pia, kwa ile pua iliyoinuka, na kwa mama aliyekuwa ameshaliambia kanisa zima.

Nilitoka. Mke wake akanikimbilia, mikono bado imechubuka kwa kusugua.

"Dada, kwani nilikosea kufua?"

"Hapana, dada. Ulifanya vizuri."

Akanisindikiza hadi barabarani, yeye kushoto kwangu. Nilikuwa nawaza nitamwambia mama nini, nikaona angalau huyu mwanamke ana heshima, ameniacha nitembee kimya. Nilipogeuka kushoto kutazama kama gari linakuja, nikaona midomo yake inacheza.