Mistari Mitatu ya Kipkosgei

Dorcus Chelangat alikuwa na miaka sabini na minne alipoandika wosia, na jambo la kwanza aliloliweka humo halikuhusu ng'ombe, wala nyumba, wala shamba la mahindi. Lilihusu njia ya kwenda kanisani.

Kanisa lao liko nyuma ya shamba lake la majani chai, mwendo mfupi kutoka Silibwet. Waliolijenga walipewa kiwanja bure, na katika ile furaha hakuna aliyeuliza kitafikiwa vipi. Kuna njia mbili. Moja inazunguka kwa mto, inavuka kwa magogo mawili, kisha inapanda kilima kwa Mzee Isaiah. Nyingine inapita katikati ya majani ya Chelangat, hatua mia moja hivi kutoka barabarani, na hiyo ndiyo wanayoipenda watu. Lakini chai iliyokomaa haimwachii mtu nafasi. Matawi ya mstari huu yameshikana na ya mstari ule, na mpitaji husukuma kwa kiuno, na asubuhi majani yamejaa umande. Kwa hiyo waumini wa pale waliingia ibadani wakiwa wamelowa kutoka kiunoni kwenda chini. Kanisa lenyewe hubatiza kwa kuzamisha. Chelangat alikuwa akiwabatiza nusu kila Jumapili kwa miaka thelathini, na hakuna mchungaji aliyewahi kulalamika.

Wosia ulisema hivi: akishafariki, mistari mitatu ya majani iliyo upande wa mwisho, kutoka barabarani hadi ua wa kanisa, ing'olewe, na pale pawe barabara ya kanisa daima, asitokee mtu wa ukoo wake wa kuiziba. Wakili, binti mmoja wa Bomet mwenye miwani mikubwa, alimsomea mara mbili. Kisha akamwuliza kwa adabu kama kulikuwa na sababu yoyote ya kungoja mpaka afariki.

"Si ndio wosia huwa hivyo?" Chelangat akasema, na wakili akakubali kwamba kweli ndivyo huwa.

Sababu ilikuwepo. Mistari ile ilikuwa ya kwanza kabisa kupandwa na marehemu mumewe, Kipkosgei, kabla hawajawa na nyumba ya mabati. Aliibeba miche kichwani kutoka kitaluni, safari sita kwa siku mbili, akashinda wiki nzima shingo imekakamaa. Mstari wa kati umepinda, kwa sababu kamba ya kupimia ilikatika na Kipkosgei hakuwa mtu wa kurudia kazi. Chelangat alikuwa ameuchuma mstari huo uliopinda kwa miaka arobaini na sita. Alikuwa tayari kumpa Mungu. Hakuwa tayari kuuona ukitoka.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Johana.

Johana ni mzee wa kanisa na katibu wa kamati ya maendeleo, mtu ambaye siri ikimkaa siku tatu humletea maumivu ya tumbo. Jumapili iliyofuata, baada ya mnada wa sadaka, ambapo waliuza jogoo mmoja, ndoo mbili za parachichi na kibuyu cha maziwa ya mursik kilichonunuliwa na mama yuleyule aliyekitoa, Johana alisimama akatangaza barabara. Watu wakapiga makofi mpaka mabati yakaitikia. Kisha akaomba. Alimshukuru Mungu kwa moyo wa mama huyu, akaiombea barabara, na alipopandwa na Roho, mdomo ukamtangulia kidogo.

"Na hii ahadi, Bwana, usiicheleweshe!"

"Amina!" likajibu kanisa zima.

Chelangat, aliyekuwa amesimama katika kwaya, aliitikia pia kwa mazoea. Halafu akafungua macho.

Tangu siku hiyo alitunzwa. Akikohoa, watu watatu waligeuka. Kamati ya maendeleo ilikwenda kumsalimia nyumbani ikiwa kamili, na wakati wa kuaga mmoja wao alirudi nyumanyuma kando ya majani kwa hatua ndefu zilizolingana sana, akizihesabu.

"Kogo, presha inaendeleaje?" Johana akauliza, akitumia neno lao la kumwita nyanya.

"Haiko. Sijawahi kuwa na presha."

"Asante Yesu," Johana akasema. "Sisi hatuna haraka, Kogo."

Mtu mmoja tu hakupiga makofi Jumapili ile, maana hakuwa ndani. Huyo ni Nyaguthii, ambaye Silibwet nzima humwita Mama Chege. Alikuja kutoka Nyeri akiwa bibi harusi, yeye na mumewe wakafungua duka la misumari, mbegu na kamba, na hadi leo husalimia wateja kwa Kipsigis chenye milima ya kwao ndani yake. Yeye na Chelangat ni marafiki tangu watoto wao walipougua surua wiki ileile. Miaka miwili iliyopita magoti yake yaligoma. Binti yake Magdaline akamletea chuma cha kutembelea chenye miguu minne, chombo kizuri sana kwenye sakafu. Katikati ya chai hakiingizi hata mguu mmoja. Kwa hiyo kila Jumapili Mama Chege huletwa na pikipiki hadi barabarani, huketi kwenye stuli ya plastiki ukingoni mwa majani, na kuimba kutoka hapo. Kwaya ikimaliza mstari, sauti yake hufika juu ya majani ikiwa nyuma kidogo. Watu walisema ni umbali. Kikapu cha sadaka, hata hivyo, kilimfikia kila wiki. Hicho hakikuwahi kushindwa na majani.

Chelangat alimpelekea habari mwenyewe, pamoja na kikombe cha chai.

"Mama Chege, umesikia?"

"Nimesikia makofi. Nikasema labda mchungaji amehamishwa."

Chelangat akamweleza yote. Mama Chege akasikiliza mpaka mwisho.

"Barabara kubwa?"

"Hata gari itapita."

"Ya lini?"

"Nikishakufa."

"Aa." Mama Chege akanywa chai. "Na mama yako alikufa akiwa na miaka ngapi?"

"Tisini na sita."

"Na wewe hata homa hauugui. Mimi niko na sabini na nane. Kwa hivyo nikae hapa kwa stuli miaka ishirini na mbili ingine, nifikishe mia, ndio niingie kanisa kukuzika?"

"Si unaweza kutangulia."

"Hapo sasa umesema! Nikitangulia, hiyo barabara ni ya nani?"

"Ni ya kanisa."

"Kanisa iko ndani tayari. Mwenye yuko nje ni mimi."

Chelangat akatazama majani. Yalikuwa yamejisawazisha vizuri juu, kama meza iliyopigwa randa.

"Hiyo ni mistari ya Kipkosgei," akasema.

"Najua. Si mimi nilimuuzia kamba?"

"Na ikakatika."

"Alitaka ya bei ya chini! Nilimwambia chukua hii ingine, akasema watu wa Nyeri wanapenda pesa."

Wakacheka, na Chelangat akarudisha kikombe nyumbani. Wiki ile alichuma vibaya. Mkono ulichukua majani yaliyokomaa pamoja na machanga, jambo ambalo halijawahi kumpata, na karani wa kituo cha kupimia akayachambua mbele za watu akayatupa pembeni. Siku ya Ijumaa alimpigia simu mwanawe Weldon, mwalimu huko Soin, akamwambia aje.

Weldon ndiye angerithi sehemu ile ya shamba. Chelangat alitarajia ubishi, akatayarisha majibu matatu, la mwisho likiwa na mstari wa Biblia. Weldon alifika Jumamosi, akanywa mursik, akasikiliza, kisha akaenda kusimama kwenye mistari yenyewe.

"Mama, niulize kitu moja. Ukiacha hivi kwa wosia, nani atang'oa?"

"Wewe na ndugu zako."

"Siku ya matanga?"

"Hata baadaye."

"Tumetoka kukuzika, halafu tunashika sururu tung'oe chai ya baba. Unaona vile hiyo itakaa?" Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. "Tung'oe ukiwa umeketi hapo unatukemea. Hivyo ndio tumezoea kufanya kazi."

Majibu matatu yalibaki bila kazi. Baadaye Chelangat alimpa jirani mmoja la tatu, ingawa jirani hakuwa ameuliza kitu.

Siku ya kung'oa, kanisa lilikuja na sururu, misumeno na sufuria. Chelangat aliwaambia wangoje. Akafunga kikapu mgongoni, akalaza ufito wake juu ya majani kupima usawa, na kuichuma mistari yote mitatu, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kuruka shina.

"Kogo, si ni za kung'olewa?" Johana akauliza, akitazama jua.

"Ni za kuchumwa kwanza."

Karani alipima kikapu kile, akapekua mpaka chini, na hakupata jani la kutupa.

Kisha wakaanza. Shina la chai huonekana kama kichaka cha kiunoni, lakini chini ya ardhi lina mzizi kama mguu wa mtu mzima, na mstari uliopinda ndio uliowasumbua zaidi. Chelangat aliketi barabarani kando ya Mama Chege, kila mmoja na stuli yake. Alikuwa amejiandaa kulia. Alikosa nafasi: Weldon alishika sururu kama anayeshika chaki, na Johana alikuwa akitupia magogo upande wa mahindi, na yote hayo yalihitaji kusemwa kwa sauti. Walipofika kwenye ile kona, wanawake hao wawili wakasogeza stuli mbele.

"Hapo ndio ilikatika," Mama Chege akasema.

"Hapo hapo."

Shina likatoka na udongo mwekundu. Chai ya wafanyakazi ilichemshwa kwa magogo ya chai, na kila mtu alikiri kwamba moto wake ni mzuri.

Karatasi za bodi ya ardhi zilifuata kwa mwendo wa karatasi. Wakili alikata kile kifungu kwenye wosia, na Johana alipopata habari alimfuata Chelangat kando.

"Kwa hivyo, Kogo, hiyo nafasi kwa wosia imebaki wazi?"

"Imebaki."

"Ni kuuliza tu," Johana akasema. "Kanisa halina choo."

Jumapili ya kwanza ya barabara, pikipiki ilitaka kumfikisha Mama Chege mlangoni. Alikataa. Alishuka palepale alipokuwa akiketi siku zote, akasimamisha chuma chake, na kuanza kutembea mahali palipokuwa na mistari ya Kipkosgei. Wimbo wa kufungua uliisha, matangazo yakaisha, mchungaji akaongeza matangazo mengine ambayo hayakuwepo. Watu waliketi wakiwa wakavu hadi viatuni, na baadhi yao walionekana kukosa kitu. Alipoingia, alivuka kanisa lote mpaka benchi la mbele, karibu kabisa na kwaya, akapanguza uso, akampungia Chelangat kidole kimoja.

Kwaya ikasimama. Chelangat aliimba akiwa ametega sikio. Mstari wa kwanza ukaisha, wakanyamaza kuvuta pumzi, na sauti ya Mama Chege, hatua mbili kutoka pale, ikafika ikiwa nyuma kidogo, kama ilivyokuwa ikifika siku zote.

Haukuwa umbali. Chelangat akainua kitabu cha nyimbo hadi usoni ili watu wasimwone anavyocheka, na katika mstari wa pili akamngoja.